Archon: sataranji inayoamuliwa kwa mapigano

Mcheza bao wa Nachingwea au Ruangwa akiwekwa mbele ya Archon ataelewa nusu ya mchezo mara moja; nusu ya pili itamshangaza. Mchezo huo wa kompyuta ulitolewa mwaka 1983 na kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, kwanza kwa mashine za Atari. Waliouunda, Jon Freeman, Anne Westfall na Paul Reiche, waliunganisha fikra za ubaoni na mapigano ya ana kwa ana.

Ubao wake una miraba 81. Kila upande, Nuru na Giza, una kete 18, nazo ni viumbe wa hadithini. (Msomaji wa Kiswahili huenda akatabasamu kuona jini amepangwa upande wa Nuru, joka liko Giza.) Katika sataranji, kete iliyofikiwa imekwisha kuliwa. Katika bao, hesabu ndiyo huamua. Katika Archon haliwi mtu hivi hivi: kete mbili zikikutana, ubao hutoweka, uwanja hufunguka, na wachezaji hupigana kwa wepesi wa mikono. Askari mnyonge aweza kuliangusha joka, na mpango uliojengwa kwa nusu saa ukavunjika kwa sekunde chache.

Ubao wenyewe nao hautulii. Baadhi ya miraba hubadilika rangi polepole, na kete iliyosimama juu ya rangi yake huongezewa uhai. Kushambulia mapema mno ni kosa kama kuchelewa. Mshindi ni yule anayeshika vituo vyote vitano vya nguvu, au anayelimaliza jeshi la mwenzake. Aliyezoea bao, ambalo nalo hubadilika sura likitoka namua kwenda mtaji, angelikuwa na la kusema hapo.

Lakini mchezo huo haukuwa na njia ya kumfikia. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye mashine kuvurugika. Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zilihitaji pia televisheni, na Tanzania Bara ilianza kuwa na vituo vya televisheni mwaka 1994 tu.

Siku hizi Archon huchezwa kupitia programu zinazoiga mashine za zamani. Mashine yaweza kuwa mpinzani, ila utamu wake ni watu wawili mbele ya skrini moja.