Teke la mzunguko wa nyuma

Teke la mzunguko wa nyuma ni pigo ambalo mpiganaji humgeuzia mpinzani mgongo, kisha humfikia kwa kisigino au wayo wa mguu uliokuwa nyuma. Katika taekwondo huitwa *dwi huryeo chagi*, katika karate *ushiro mawashi geri*. Capoeira ina lake, *meia lua de compasso*, ambalo hupigwa mkono ukiwa chini.

Nguvu yake haitoki mguuni. Mwili hugeuka juu ya sehemu ya mbele ya wayo wa mguu wa mbele, kisigino kikiwa kimeinuliwa. Kikibaki chini, goti ndilo hupotoka. Kichwa hutangulia, macho yakitafuta shabaha juu ya bega, nyonga hufuata, mguu huja mwisho. Wanafunzi wengi huurusha mguu kabla ya kuona, teke likachora duara pana na mwili kuyumba. Ndiyo maana walimu wengi huanza na teke la nyuma lililonyooka, kisha mzunguko mtupu wa polepole, na pedi baadaye kabisa. Upande dhaifu hustahili mazoezi zaidi, ingawa ndio hukwepwa.

Kwa kanuni za taekwondo za Olimpiki ya Paris 2024, teke la kuzunguka lilileta pointi 4 kiwiliwilini na 5 kichwani. Mfano maarufu wa teke hili ni fainali ya Athens 2004, uzito wa zaidi ya kilo 80: Moon Dae-sung wa Korea Kusini alimwangusha Mgiriki Alexandros Nikolaidis katika raundi ya kwanza.