Tanzania: Alama moja ya biashara, usajili mara mbili
Duka la mtandaoni nchini Tanzania huweza kuuza Dar es Salaam na Unguja kwa wakati mmoja, lakini ulinzi unaotokana na usajili wa alama yake hauvuki bahari. Miliki ubunifu si miongoni mwa mambo ya Muungano.

Tanzania Bara, alama za biashara husajiliwa na BRELA chini ya sheria ya mwaka 1986. Zanzibar, husajiliwa na BPRA chini ya sheria ya mwaka 2008. Hakimiliki nazo husimamiwa na COSOTA upande wa Bara na COSOZA visiwani.

Hivyo mfanyabiashara, awe mwenyeji au wa nchi jirani, anayetaka alama yake ilindwe pande zote mbili hulazimika kuwasilisha maombi mawili na kulipa ada mara mbili.