Tarehe ya Chicago na Mwenye Mji wa Kwanza

Hii ni tarehe ya Chicago katika jimbo la Illinois, na ya watu waliotangulia katika nchi ile kabla haijawa jimbo. Tumeiandika kwa ajili ya dai moja lililodumu mno, kwamba baba wa mji ni John Kinzie, mfua fedha na mfanyabiashara. Dai hilo lilitiwa vitabuni, watoto wakalisoma, na wengi waliolirudia hawakuwa na nia mbaya. Lakini aliyeanzisha Chicago ni Jean Baptiste Point du Sable, mtu mweusi. Hati ipo, na Kinzie mwenyewe ni shahidi ndani ya hati hiyo.

Kwanza habari za nchi. Illinois ilikuwa ya Waillinois, Wamiami na Wapotawatomi. Mwaka 1673 padri Marquette na Louis Jolliet waliteremka mto Mississippi, na katika kurudi wakapitia Chicago. Wakafuata mapadri wengine, wakajenga Cahokia mwaka 1699 na Kaskaskia mwaka 1703, huko kusini kwenye ukingo wa mto mkubwa. Mwaka 1763 Mfaransa alikuwa amekwisha kushindwa vitani, na nchi ikawa ya Mwingereza. Kisha akaja George Rogers Clark wa Virginia, kijana wa miaka 25, na watu wapatao 175. Usiku wa tarehe 4 Julai 1778 aliingia Kaskaskia bila kufyatua risasi. Februari iliyofuata alivuka nchi iliyofurika maji, askari wakiwa wamebeba bunduki juu ya vichwa na maji ya baridi yamewafika kifuani, akamkamata Hamilton, gavana wa Waingereza, pale Vincennes. Padri Gibault alimsaidia. Hayo yatosha kuhusu Clark, maana masanamu yake ni mengi na wa kumsifu wapo.

Sasa Du Sable. Wazee wa Haiti, na Wamarekani weusi wa Chicago waliopokea kwao, husimulia kwamba alizaliwa Saint-Marc katika koloni la Saint-Domingue, baba Mfaransa na mama Mwafrika. Katika maandishi anatokea mwaka 1779, vita vya uhuru wa Marekani vikiendelea. De Peyster, kamanda wa Waingereza katika ngome ya Michilimackinac, alimtaja kuwa ni mtu mweusi mwenye sura nzuri na elimu, mkaazi wa Chicago, na moyo wake uko kwa Wafaransa. Kwa sababu hiyo ya mwisho walimkamata mwaka uleule, akiwa na bidhaa zake kwenye mto uitwao Rivière du Chemin, kusini mwa ziwa Michigan. Ofisa aliyemkamata aliandika kwamba mfungwa wake amejiheshimu tangu siku ya kwanza, na kwamba ana marafiki wengi wanaomshuhudia kwa wema. Maneno ya adui yana uzito wake. Huyu hakuwa mtu wa kupita njia. Alikuwa na mali, na jina lake lilijulikana katika nchi nzima ya maziwa.

Waingereza nao hawakumweka kifungoni muda mrefu. Sinclair, aliyeshika ngome baada ya De Peyster, alikuwa na shamba la miti la Pinery kwenye mto St. Clair, na wenyeji wa pale walikuwa wamemchoka msimamizi aliyekuwapo. Akamweka Du Sable. Akalisimamia shamba hilo mpaka mwaka 1784 au karibu yake, kisha akarudi Chicago.

Na mkewe ni Kitihawa, Mpotawatomi, ambaye kanisani alipewa jina la Catherine. Waliishi kwa desturi za watu wa mke miaka mingi, na mwaka 1788 wakasafiri hadi Cahokia ndoa yao ikabarikiwa na padri. Watoto wao ni wawili, Jean Baptiste na Suzanne. Wanaoandika habari za Du Sable humtaja mwanamke huyu kwa mstari mmoja kisha wakaendelea. Hilo si haki. Ardhi ilikuwa ya watu wake. Mfanyabiashara aliyefika kule bila ukoo alinunua, akauza, akaondoka zake. Du Sable alikaa kwa sababu alikuwa mkwe, na wateja wake walikuwa mashemeji na wajomba wa wanawe.

Mahali penyewe hapakuchaguliwa kwa bahati. Mto wa Chicago zamani uliingia ziwani, na mwendo mfupi tu wa nchi kavu uliutenga na mto Des Plaines, ambao maji yake yanakwenda hadi Mississippi na mwisho ghuba ya Mexico. Wasafiri walibeba mitumbwi begani kutoka maji haya hadi yale. Mwenye nyumba mdomoni mwa mto aliwaona wote waendao kusini na warudio kaskazini, na wote walifika wana njaa. Mei 1790 alifika Hugh Heward, msafiri kutoka Detroit, akaandika katika daftari yake alichonunua kwa Point du Sable: ratili 41 za unga, ratili 29 za nyama ya nguruwe, na mikate. Alilipa kwa kitambaa cha pamba, yadi 13, na mtumbwi wake akabadilishana na mtumbwi wa gogo wa mwenyeji. Hapo ndipo soko la Chicago lilipoanzia. Yule mwenye duka alilima ngano yake, akaisaga kwa kinu chake na kuoka katika tanuri lake.

Mei 1800 aliuza kila kitu kwa Jean La Lime kwa livre 6,000. Hati ya mauzo ilipelekwa Detroit, ikalala huko katika makabrasha zaidi ya miaka mia moja hadi mwanahistoria Milo Quaife alipoitangaza, na ndani yake mali imeorodheshwa moja moja. Nyumba ya mbao, futi 40 kwa 22. Kinu kinachozungushwa na farasi. Maghala mawili, nyumba ya kuokea mikate, banda la maziwa, banda la kukaushia nyama kwa moshi, banda la kuku, karakana. Ng'ombe wakubwa 30, kuku 44, nguruwe, nyumbu wawili. Na kabati la mti wa jozi lenye milango ya vioo, katika nchi ambayo hadi Detroit ni safari ya siku nyingi. Mtu hasafirishi kabati la vioo kupeleka kambini. Alilipeleka kwake, alikojenga ili akae.

Mashahidi wa mauzo hayo ni wawili, William Burnett na John Kinzie. Naomba msomaji aishike hiyo, maana ndiyo inayomaliza kesi. Kinzie aliweka mkono wake chini ya orodha ya nyumba, kinu na ng'ombe wa mtu mwingine mwaka 1800, na yeye hakuhamia Chicago mpaka mwaka 1804. Nyumba aliyoingia ni ileile ya Du Sable, aliyoichukua kupitia La Lime. Atakuwaje baba wa mji mtu aliyeukuta mji na kuingia katika nyumba yake kongwe?

La Lime naye alikufa vibaya. Mwaka 1803 jeshi la Marekani, chini ya kapteni John Whistler, lilijenga ngome ya Dearborn ng'ambo ya mto, katika kipande cha maili sita kwa sita ambacho Wahindi Wekundu walikitoa kwa mkataba wa Greenville mwaka 1795. La Lime alikuwa mkalimani wa ngome, Kinzie alikuwa muuzaji wake. Walichukiana. Mwaka 1812, nje ya lango la ngome, Kinzie alimwua La Lime kwa kisu, akakimbilia Milwaukee. Maofisa wakaamua kwamba alijitetea, akarudi.

Na mwaka huohuo ikaja siku ya 15 Agosti, ambayo wazee wa Chicago hawajaacha kuisimulia. Vita na Uingereza vilikuwa vimeanza, na jenerali Hull akiwa Detroit aliamuru ngome ihamwe. Kapteni Nathan Heald akatii. Alimwaga pombe mtoni na kuharibu baruti ya ziada, na Wapotawatomi waliokuwa wameahidiwa vitu vya ghala wakaona wamedanganywa. Chifu wao mmoja, Black Partridge, alikwenda kwa Heald akamrudishia nishani aliyopewa na Wamarekani, akamwambia vijana wake hawazuiliki tena na yeye hawezi kuvaa alama ya urafiki huku akitenda uadui.

Kutoka Fort Wayne alikuwa amekuja William Wells na Wamiami wapatao 30, awasindikize. Wells alitekwa na Wamiami akiwa mtoto, wakamlea, akawa mkwe wa chifu Little Turtle. Asubuhi ile alipaka uso wake rangi nyeusi kwa desturi ya waliomlea, ndiyo alama ya mtu ajuaye kwamba leo anakufa, akapanda farasi akatangulia. Nyuma yake askari 54, wanamgambo 12, wanawake 9 na watoto 18. Hawakufika maili mbili kando ya ziwa, wakashambuliwa na wapiganaji wapatao 500. Watu zaidi ya 50 waliuawa, 12 kati yao watoto waliokuwa ndani ya gari moja la kukokotwa. Wells alipoanguka, maadui walimpasua kifua wakaugawana moyo wake na kuula, kwa kuwa walimheshimu na walitaka ushujaa wake uingie ndani yao. Black Partridge yuleyule alimwahi Margaret Helm, mtoto wa kambo wa Kinzie, akamburuta hadi ziwani kana kwamba anamzamisha, akamshikilia kichwa juu ya maji mpaka mauaji yakapita. Familia ya Kinzie ilinusurika kwa urafiki wake na Wapotawatomi. Ngome ilichomwa moto, ikajengwa tena mwaka 1816.

Turudi kwenye dai. Mwaka 1856 Juliette Kinzie, mke wa mtoto wa John Kinzie, alitoa kitabu kiitwacho Wau-Bun. Kalamu yake ilikuwa nzuri, na vita vya 1812 vinasomwa mpaka leo kwa masimulizi yake. Lakini aliandika habari za ukoo alioolewa, na katika kitabu hicho mkwewe alipata kurasa, Du Sable akapata mistari. Chicago ilikuwa imekwisha kuwa jiji tangu 1837, watu wake wengi wageni, nao waliamini walichosoma. Wapo pia wanaomtaja Guarie, Mfaransa wa tawi la kaskazini la mto. Huyo hakuacha hati ya nyumba wala ya shamba.

Mwaka 1818 alikufa Clark, fukara, amedhulumiwa na Virginia kwa madeni ya vita. Tarehe 28 Agosti mwaka huohuo alikufa Du Sable katika mji wa St. Charles, Missouri, akazikwa na Wakatoliki wenzake. Kitabu cha parokia kilimwandika kuwa ni mtu mweusi tu, bila ukoo na bila Chicago. Tarehe 3 Desemba Illinois ikawa jimbo. Gavana wa kwanza ni Shadrach Bond, makamu wake Pierre Menard. Wa pili ni Edward Coles, naye anastahili zaidi ya jina: mwaka 1819, akisafiri kwa mashua kwenye mto Ohio, aliwaambia watumwa aliorithi Virginia kwamba tangu saa ile wako huru. Akiwa gavana alipambana na waliotaka kuingiza utumwa katika katiba, na mwaka 1824 wananchi wakawakataa kwa kura 6,640 dhidi ya 4,972. Wapotawatomi, jamaa za Kitihawa, walitia saini mkataba wa kuitoa nchi yao ya hapo mwaka 1833. Mwaka 1835 wapiganaji wao wapatao 800 walicheza ngoma katika mitaa ya Chicago, wakaondolewa kwenda magharibi.

Jina la Du Sable lilirudishwa na wanawake weusi. Annie Oliver na wenzake walihangaika mpaka mfano wa nyumba yake ukajengwa katika maonyesho makubwa ya 1933. Margaret Burroughs alianzisha makumbusho mwaka 1961, nayo baadaye ikaitwa DuSable. Mwaka 1968 jimbo na jiji wakamtambua Du Sable kuwa mwanzilishi, na kaburi lake likawekwa jiwe. Mwaka 2010 daraja la Michigan Avenue lilipewa jina lake, na Juni 2021 madiwani wakaipa jina lake ile barabara kuu ya ufukweni, kwa kura 33 dhidi ya 15.

Basi hukumu yetu ni hii. Kinzie ni mkaazi wa zamani wa Chicago na mtu wa habari nyingi, aandikwe hivyo. Mwanzilishi ni Jean Baptiste Point du Sable, na Kitihawa aandikwe pamoja naye katika mstari uleule. Anayebisha alete hati ya kale kuliko ya De Peyster.