Mashine ya mkate ya nyumbani

Mashine ya mkate ya nyumbani ni chombo cha umeme cha jikoni kinachokanda unga, kuuacha uumuke, kisha kuuoka, yote hayo ndani ya sufuria moja. Mpishi hupima maji, unga wa ngano, chumvi, sukari, mafuta na hamira, hubonyeza kitufe, na baada ya saa tatu au nne hutoa mkate wa uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja. Mashine hii ilizaliwa Japani katikati ya miaka ya 1980, na umbo lake la msingi halijabadilika sana tangu hapo.

Wako wanaoiona ni chombo cha wavivu. Hukumu hiyo haiitendei haki. Kukanda mkate ni ujuzi wa mikono, na kabla mashine haijaweza kuufanya ilibidi watu waliobuni mashine hiyo wakajifunze kwanza kwa mwokaji. Anayeitumia leo naye hupata mkate mzuri zaidi akiujua unga kwa kuugusa.

Asili yake

Mashine za kukanda unga zilikuwepo muda mrefu kabla ya hapo. Joseph Lee, Mmarekani mweusi aliyezaliwa utumwani katika jimbo la South Carolina na baadaye akawa mwenye hoteli huko Massachusetts, alipata hataza ya mashine ya kukanda mwaka 1894, na mwaka uliofuata akapata nyingine ya mashine ya kusaga mkate mkavu kuwa chenga. Vyombo kama hivyo vilikusudiwa hoteli na viwanda vya mikate. Vile vya kukanda vilikanda tu; kuumusha na kuoka kulifanyika mahali pengine, chini ya jicho la mtu.

Kuziunganisha kazi zote tatu katika kisanduku kinachotosha mezani ndiko kulikoishughulisha kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo bidhaa zake ziliuzwa kwa majina ya National na Panasonic. Kampuni ilikuwa tayari na wahandisi wa majiko ya umeme ya wali, wa vyombo vya kuokea, na wa vyombo vinavyozunguka kwa mota kama blenda. Mkate ulihitaji maarifa ya wote hao, na vitengo vyao vikaunganishwa. Hata hivyo, mwaka 1985 majaribio yalikuwa yamekwama: ganda la mkate liliungua huku ndani pakiwa pabichi. Wahandisi walifika hadi kupiga picha za eksirei za donge lililokandwa na mashine na lile lililokandwa na mwokaji, wakazilinganisha, na picha hazikuwaambia kitu.

Aliyefungua njia ni Ikuko Tanaka, mtaalamu wa programu katika mradi huo. Hoteli ya Osaka International ilisifika kwa mkate bora kuliko wote mjini, basi Tanaka akapendekeza waende wakajifunze kwa mwokaji wake mkuu. Akakanda pamoja naye, na huko akaona jambo ambalo picha hazikulionyesha: mwokaji hakuwa akiuvuta unga tu, alikuwa akiuvuta huku akiupotoa. Mwokaji mwenyewe alifanya hivyo kwa mazoea ya mikono.

Kuugeuza mpoto huo kuwa chuma kulichukua kama mwaka mzima wa kujaribu na kurekebisha. Tanaka aliweza kuwaeleza wahandisi mwendo na nguvu iliyotakiwa, nao wakabadilisha kasi ya kisu cha kukandia na kuweka matuta maalumu ndani ya sufuria, ili donge likizungushwa likwame kwenye tuta, livutike na kupotoka, kisha liachiliwe. Likabaki tatizo la joto. Mota na msuguano hupasha unga, na hamira ikipata joto kupita kiasi huchacha mapema na kuharibu mkate. Ufumbuzi ukawa kuchelewesha hamira: ikae peke yake, idondoshwe unga ukiwa umeshakandwa kwa muda. Ilipofika mwaka 1987 mashine ilikuwa madukani, ikauzwa kwa wingi ambao chombo kipya cha jikoni hakikuwa kimewahi kuufikia katika kampuni hiyo. Kisa hiki kilijulikana duniani kupitia wasomi wa Kijapani Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walioueleza mradi huo katika kitabu chao The Knowledge-Creating Company cha mwaka 1995, kama mfano wa jinsi ujuzi usioandikwa unavyotoka kwa mtu mmoja na kuwa mali ya wengi.

Makampuni mengine yaliingia sokoni mara moja, bei zikashuka, na katika miaka ya 1990 mashine ikaenea Marekani na Uingereza. Mwaka 2010 kampuni ya Sanyo ilitoa Gopan, inayosaga punje za mchele na kuzifanya mkate. Maombi yalizidi uwezo wa kiwanda hata mauzo yakasimamishwa kwa muda. Wakati wa janga la korona mwaka 2020, watu walipofungiwa majumbani, hamira na unga viliadimika katika maduka ya nchi nyingi za Magharibi, na mashine nyingi zilizokuwa zimewekwa kabatini zikarudi mezani.

Kinachotokea ndani

Ukifungua kifuniko utaona sufuria ya chuma iliyopakwa ganda lisiloshika chakula, na katikati ya kitako chake ekseli fupi inayobeba kisu cha kukandia. Chini yake, kwa upande mmoja, kuna mota inayozungusha ekseli hiyo kwa mkanda wa mpira. Waya wa joto umezunguka sufuria karibu na kitako, na kihisi joto humpa habari msimamizi wa kazi yote, yaani kompyuta ndogo nyuma ya vitufe.

Kazi huanza kwa mapumziko: mashine husubiri vitu vyote vilingane joto, hatua ambayo huwatia hofu wageni wanaodhani imeharibika. Kisha kisu huzunguka kwa muda wa dakika 15 hadi 30. Protini za ngano zikikutana na maji hushikana na kufanya gluteni, utando unaovutika. Kukanda huunyoosha na kuuimarisha. Hamira, ambayo ni kuvu hai wa chembe moja, hula sukari na kutoa gesi ya kaboni dayoksaidi pamoja na alkoholi kidogo. Gesi hiyo hunaswa ndani ya utando wa gluteni na unga hupanda. Katikati ya kuumuka kisu huzunguka mara chache kuitoa hewa, ili vishimo vya mkate viwe vidogo na vya kulingana.

Kuoka huchukua kati ya dakika 40 na saa moja. Hamira hufa donge linapofikia nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi, wanga hunywa maji na kuganda, na mkate huwa umeiva katikati yake panapopita nyuzi 93. Kwa kuwa joto hutoka pembeni na chini, ubavu wa mkate hupata rangi ya kahawia iliyokolea huku juu pakibaki peupe kiasi. Hili ni umbile la chombo chenyewe. Anayetaka mkate uliokolea pande zote atumie mashine kwa kukanda tu, kisha aoke katika oveni.

Vipimo

Hapa ndipo mikate mingi huharibikia. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, maji mililita 300 hadi 330 hutosha, pamoja na chumvi gramu 8, sukari kijiko kimoja au viwili vya chakula, siagi au mafuta kama gramu 25, na hamira kavu ya chenga gramu 5, ambazo ni karibu kijiko kimoja na nusu cha chai. Mizani ya jikoni ina faida kubwa kuliko kikombe, maana kikombe cha unga ulioshindiliwa na kile cha unga uliochekechwa hupishana sana kwa uzito.

Unga uwe na protini ya kutosha, asilimia 11 hadi 13. Pakiti nyingi huandika gramu za protini kwa kila gramu 100, na tarakimu hiyo ina maana kuliko picha ya mkate iliyochorwa mbele. Unga wa mahindi, muhogo, mtama au ulezi hauna gluteni. Ukichanganywa kidogo na ngano hutoa mkate mtamu lakini mfupi, na ukitumika peke yake hauwezi kushika gesi bila kitu kingine cha kuugandisha.

Mashine nyingi hutaka vya majimaji vitangulie, unga ufuate, na hamira iwekwe juu kabisa kwenye kishimo kikavu, mbali na chumvi. Zile za Panasonic mara nyingi hutaka kinyume chake, hamira chini na maji juu, au huwa na kisanduku cha kudondoshea hamira. Shabaha ni moja: hamira isilowe kabla ya wakati. Ukiitega mashine usiku ili mkate uive alfajiri, usitie maziwa mabichi wala mayai, kwa sababu yatakaa kwenye joto la chumba kwa saa nyingi.

Baada ya dakika saba hadi kumi za kukanda, fungua kifuniko utazame. Hakuna hatua inayoamua mkate kuliko hii, na ni kosa kwamba baadhi ya vijitabu vya maelekezo huipitia kwa mstari mmoja. Donge zuri huviringika kama mpira na kuacha pande za sufuria safi. Liguse: kidole kihisi ulaini na mnato kidogo, kisha kitoke bila unga. Likiwa limepasuka, au likigonga ukutani kwa kishindo na unga mkavu ukabaki pembeni, ongeza kijiko cha chai cha maji na usubiri dakika moja kabla ya kuongeza kingine. Likiwa limetandaa chini kama uji mzito, nyunyiza unga kijiko kwa kijiko. Kompyuta ya mashine hupima muda na joto. Ulaini wa donge haiujui.

Joto, mwinuko na umeme

Vipimo vya vijitabu vingi vimeandikwa kwa jiko la nyuzi 20 hivi. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, ambako jiko huwa na nyuzi 30 na zaidi, unga huumuka upesi, hupita kiasi, kisha paa la mkate huzama wakati wa kuoka. Dawa yake ni maji baridi ya friji, hamira pungufu kwa robo, na chumvi isiyopunguzwa, kwa kuwa chumvi huizuia hamira isikimbie. Nairobi hali ya hewa ni ya baridi zaidi, lakini mji uko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na kanieneo ya hewa ni ndogo, hivyo gesi hutanuka zaidi na mkate huweza kuzama vilevile. Huko pia hamira hupunguzwa, na maji huongezwa kidogo kwa kuwa hewa kavu hukausha unga.

Mashine iliyotumika, iletwayo kutoka Japani, imetengenezwa kwa volti 100, na ya Marekani kwa volti 120. Ikichomekwa moja kwa moja kwenye umeme wa Afrika Mashariki, wa volti 230 hadi 240, itaungua. Tazama kibandiko kilicho mgongoni kabla ya kulipa. Matumizi yenyewe ni madogo: waya wa joto huwa wa wati 500 hadi 700 na hauwaki mfululizo, hivyo mkate mmoja hauli hata uniti moja ya umeme, na ni nafuu kuliko kuwasha oveni kubwa kwa mkate mmoja tu.

Umeme ukikatika, mashine nyingi hukumbuka zilipofikia kwa dakika chache tu. Dakika hizo zikipita, mashine zikirudishiwa umeme huanza upya au hukaa kimya. Donge lililokwisha kuumuka halina haja ya kutupwa: lihamishie kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, lifunike, weka makaa machache chini na upalie mengi juu ya kifuniko.

Mkate ukishaiva utolewe mara moja, kwani mvuke uliofungiwa hulegeza ganda. Upoe juu ya wavu kwa saa nzima kabla ya kukatwa. Kishimo kilicho chini ni alama ya kisu. Anayekichukia aingize mikono yenye unga na kukitoa kisu kabla ya umukaji wa mwisho. Mkate huu hauna dawa za kuuhifadhi zilizomo katika mikate mingi ya viwandani, na pwani hukaa siku mbili au tatu. Ukinusa harufu ya tunda lililooza, na ukiukata ukakuta ndani panavuta nyuzi, utupwe: hao ni bakteria wa jamii ya Bacillus, ambao mbegu zao hustahimili moto wa kuoka na kuamka katika hali ya joto. Kwenye friji mkate huchakaa haraka. Ni heri kuukata vipande na kuugandisha.

Zaidi ya boflo

Programu ya kukanda bila kuoka ndiyo yenye manufaa makubwa kwa jiko la Waswahili, na wengi hawaigusi. Unga wa maandazi, wenye tui la nazi na iliki, hukandwa humo vizuri kuliko mkono uliochoka, kisha husukumwa na kukaangwa kama kawaida. Hata mkate wa ufuta wa Unguja, ambao unga wake ni mlaini na hutaka kupigwa sana, huanza vyema kwenye sufuria hiyo. Kuutandaza kwa mkono uliolowa maji, kuunyunyizia ufuta na kuugeuzia makaa ni kazi ya mpishi. Mkate wa kumimina haufai kabisa. Ni mchele uliosagwa, hauna gluteni ya kukandwa, na blenda huutosha.