Kivu na Historia ya Kupima Dawa

Birere ni mtaa wa Goma wenye msongamano mkubwa. Nyumba za mbao na mabati zimeegemeana juu ya mawe meusi ya volkano, na upande wa mashariki mtaa umepakana na Gisenyi, Rwanda. Katika kivuko cha Petite Barrière maelfu ya watu huvuka kila siku wakiwa na unga, nyanya, nguo na mafuta. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilikata katikati ya mji hadi Ziwa Kivu. Ilipopoa, wenyeji wakajenga juu yake. Katika mtaa wa biashara kama huu dawa nayo ni bidhaa: kwenye famasia ndogo kuna vidonge na sindano, sokoni kuna majani, mizizi na maganda ya miti. Wauzaji wote wanafuatwa na watu wenye homa ileile. Kinachowatenganisha ni nani amepima dawa zao, wapi, na kwa gharama ya nani. Kwa Kivu, eneo la Kongo lenye miji ya Goma na Bukavu, habari hiyo ina karibu karne nzima.

Inaanza na mti wa kigeni. Mkwinini, au sinkona, asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Mwaka 1820 wakemia wawili wa Paris, Pierre-Joseph Pelletier na Joseph Caventou, walifanikiwa kutoa kwinini safi kwenye ganda lake. Tangu hapo ganda halikuuzwa tena kwa kutazamwa na kuonjwa uchungu wake. Mnunuzi alitaka kujua lina kwinini kiasi gani. Waholanzi waliopata mbegu za Charles Ledger mwaka 1865 walizipanda Java, wakawa wanapima maganda na kuzalisha ile miti tu iliyotoa kwinini nyingi. Kufikia miaka ya 1930, zaidi ya asilimia 90 ya kwinini ya dunia ilitoka kisiwa hicho kimoja.

Wabelgiji nao walitaka yao. Taasisi yao ya utafiti wa kilimo nchini Kongo, INEAC, iliundwa mwaka 1933, na kituo chake cha Mulungu, karibu na Bukavu, kikashughulikia kahawa, chai na mkwinini. Udongo wa volkano na ubaridi wa milima viliufaa mti huo. Machi 1942 Japani iliiteka Java, na ghafla majeshi yaliyokuwa yakipigana kwenye nchi za malaria yakakosa kwinini. Ganda la Kivu likawa mali.

Kazi yenyewe haijabadilika sana. Ganda huchunwa, hukaushwa na kusagwa, kisha huchanganywa na chokaa ili alkaloidi ziachie nyuzi za mti. Kiyeyushi huzibeba, na asidi ya salfuriki huzitoa humo. Mchanganyiko ukipoa, fuwele nyeupe za salfeti ya kwinini hujitenga. Zamani mkaguzi alichoma kipande cha ganda ndani ya bomba la kioo, na moshi mwekundu ukamthibitishia kwamba mbele yake kuna sinkona ya kweli wala si ganda la kughushi. Njia nyingine ni mwanga wa urujuanimno: kwinini iliyo katika asidi hung'aa rangi ya buluu, hata ikiwa kidogo mno.

Huko Bukavu kazi hiyo ilishikwa na kiwanda cha Pharmakina, ambacho kwa miaka mingi kilikuwa mali ya kampuni ya Kijerumani ya Boehringer Mannheim. Mwaka 1999, katikati ya vita, kilinunuliwa na mameneja wake wawili, Horst Gebbers na Étienne Erny. Mwaka 2005, kwa msaada wa mfamasia Krisana Kraisintu kutoka Thailand, kiwanda kilichozoea maganda kikaanza kutengeneza vidonge vya kupunguza makali ya UKIMWI, vilivyopewa jina la Afri-Vir.

Mti wa kienyeji haukupata bahati hiyo. Prunus africana, unaoota katika misitu ya milimani, ganda lake lilitumiwa na waganga wa kienyeji katika nchi nyingi za Afrika. Mwaka 1966 Mfaransa Jacques Debat alichukua hataza ya dawa ya tezi dume iliyotokana na ganda hilo. Kuanzia hapo maganda yakachunwa kwa tani, Kivu Kaskazini ikiwemo, yakasafirishwa Ulaya yakiwa ghafi. Uchunaji ulizidi kiasi kwamba mwaka 1995 mti uliingizwa kwenye orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti.

Kupima kunaweza pia kuishusha dawa iliyotukuka. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya jaribio la AQUAMAT, lililohusisha watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, Kongo ikiwa mojawapo. Waliopewa kwinini, asilimia 10.9 walifariki, waliochomwa sindano ya atesuneti, asilimia 8.5. Hiyo ni tofauti ya watoto 24 katika kila 1,000, na kwinini ikapoteza nafasi yake ya kwanza. Mshindi naye chanzo chake ni mmea: artemisia ya China, ambayo dutu yake ilitolewa mwaka 1972 katika utafiti ulioongozwa na Tu Youyou. Lakini chai ya majani hayohayo ni jambo jingine. Jaribio lake lililofanywa Maniema kwa wagonjwa 957 lilichapishwa mwaka 2019, kisha jarida likaiondoa makala hiyo. Shirika la Afya Duniani haliipendekezi chai hiyo kutibu malaria.

Ebola ndiyo iliyohamisha mahali pa kupimia. Mwaka 1976, ugonjwa huo ulipojitokeza Yambuku, Kongo, damu ya mgonjwa ilipelekwa Antwerp, Ubelgiji, ndani ya chupa ya chai. Katika mlipuko uliotangazwa Kivu Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, dawa zilipimwa hapohapo. Chini ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na taasisi yake ya utafiti wa tiba, INRB, jaribio la PALM lilianza Novemba 2018 na kulinganisha dawa nne huko Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Mojawapo, ZMapp, ilitengenezwa ndani ya majani ya jamii ya tumbaku yaliyooteshwa Marekani. Nyingine, mAb114, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola Kikwit mwaka 1995.

Wakati huo Goma ilikuwa na hofu. Tarehe 14 Julai 2019 ilithibitika kwamba mchungaji aliyefika kwa basi kutoka Butembo alikuwa na Ebola. Agosti 1 Rwanda ilifunga mpaka kwa saa kadhaa, na wachuuzi wa Birere wakakwama na mizigo yao. Agosti 12 yakatangazwa majibu ya PALM. Hesabu ya mwisho ya wagonjwa 673 ilionyesha kwamba karibu nusu ya waliopewa ZMapp walifariki ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 35.1 kwa mAb114 na 33.5 kwa dawa nyingine, REGN-EB3. Dawa ya majani ya tumbaku ikawekwa kando. Agosti 13 mama na mtoto wake waliokuwa wakitibiwa Goma wakatangazwa wamepona.

INRB sasa ina maabara Goma. Mapigano yalipoingia mjini Januari 2025, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa tahadhari ya pekee kuihusu: umeme ukikatika, sampuli zilizomo, za virusi vya Ebola zikiwemo, zingeweza kuwa hatari kwa mji mzima. Zamani tahadhari kama hiyo ingeihusu Antwerp.