Waridi, Udongo na Udi: Vitu Asili Vilivyo Ndani ya Uturi wa India, na Jinsi ya Kutouziwa Feki

Kama unapenda kunukia fiti, lazima ushapatana na zile chupa ndogo za mafuta zinazouzwa Eastleigh, Biashara Street kule Mombasa, ama nje ya msikiti siku ya Ijumaa. Muuzaji anakupaka kidogo kwa mkono, anakuambia hii ni udi orijino kutoka India, halafu anakuitisha soo mbili. Unalipa, unaishia. Swali ni moja tu: kwa hiyo chupa kuna nini?

Leo tunakupea rada yote. Vitu vyenyewe, vinatoka wapi, vinatengenezwa aje, na kwa nini vingine haviwezi kuuzwa soo mbili hata muuzaji akiwa binamu yako. Soma mpaka mwisho, kwa sababu kuna kimoja hapa ambacho kinaweza kukupeleka ndani hapa hapa Kenya.

UTURI NI NINI KWANZA?

Wahindi wanaita attar ama ittar. Watu wa Pwani wana jina lao la kitambo, uturi, na yote yametoka kwa Kiarabu. Pafyumu ya dukani kawaida ni manukato yaliyochanganywa na spiriti, ndio maana ukijipulizia unaskia baridi halafu inakauka. Uturi wa kienyeji hauna spiriti. Ni mafuta. Tone moja nyuma ya sikio na lingine kwa kiganja, umemaliza.

Na si kitu cha juzi. Karne ya 6, msomi Varahamihira aliandika Brihat Samhita, na ndani kuna sura nzima ya kuchanganya manukato. Miaka elfu moja baadaye, mfalme Akbar wa Mughal alikuwa na idara yake ya marashi, na Abul Fazl akaorodhesha manukato hayo pamoja na bei zake kwa kitabu Ain-i-Akbari. Yaani hata hao wakubwa walikuwa wanaangalia bei.

KANNAUJ, MJI WA MARASHI

Makao makuu ya hii kazi ni Kannauj, mji ulio jimbo la Uttar Pradesh, karibu na mto Ganga. Hapo uturi bado unapikwa kwa mtindo wa deg na bhapka.

Deg ni chungu kikubwa cha shaba. Maua na maji yanaingia ndani, kifuniko kinazibwa kwa udongo, moto wa kuni na mavi makavu ya ng'ombe unawashwa chini. Mvuke unapita kwa bomba la mwanzi mpaka kwa bhapka, chombo cha shaba chenye shingo nyembamba ambacho kimekaa ndani ya maji baridi. Ndani ya bhapka kuna mafuta ya sandali yakisubiri. Mvuke ukipoa unageuka maji, na ile harufu inashikwa na sandali. Maji yanatolewa, maua mapya yanawekwa, kazi inaanza tena. Hiyo inaweza kwenda siku kadhaa, wakati mwingine hata wiki mbili, ndio uturi uive.

Hakuna kipima joto. Fundi anagusa chungu, anaskiza sauti ya mvuke, anajua moto upunguzwe ama uongezwe. Mwishowe kuna uturi unaowekwa kwa kuppi, chupa ya ngozi ambayo inaruhusu unyevu utoke na mafuta yabaki.

Shika hii kwa akili: nusu ya siri ya uturi ni yale mafuta ya chini, yaani msingi. Tutarudi hapo.

MAUA

Waridi, ama gulab. Aina inayotumika sana ni Rosa damascena, na pale Hasayan, Uttar Pradesh, linachumwa asubuhi mapema kabla jua halijakausha harufu. Mfalme Jahangir aliandika kwamba aliyegundua uturi wa waridi ni mama mkwe wake, Asmat Begum, alipoona mafuta yakielea juu ya maji moto ya waridi. Sasa piga hesabu. Kilo 1 ya mafuta safi ya waridi inakula kama kilo 3,000 hadi 5,000 za petali. Kachupa ka mililita 3 ka mafuta hayo bila kuchanganywa kamekula kama kilo 10 za maua. Halafu mtu akuuzie soo mbili? Fikiria.

Asumini. Kuna mbili ambazo ni maarufu: mogra, ile nyeupe ya kufungwa kwa nywele, na chameli. Pwani hii huhitaji kufunzwa, maana asumini na mrihani ndio hutengeneza kikuba. Asumini linachumwa na kupikwa haraka, kwa sababu harufu yake haingoji mtu.

Kewra. Hili ni ua la dume la mmea wenye majani marefu ya miiba, na linatoka sana wilaya ya Ganjam, jimbo la Odisha. Kama ushawahi kula biryani ikiwa na harufu tamu hivi ukashindwa ni nini, mara nyingi ni maji ya kewra. Mmea huu ni ndugu ya mkadi, ambao maua yake yametumiwa na kina mama wa Pwani kujinukisha tangu zamani.

UDONGO (NDIO, UDONGO)

Hii ndiyo itakushtua. Kannauj wanatengeneza mitti attar, uturi wa harufu ya mvua ya kwanza. Unajua ile harufu jua likiwa limechoma mtaa wiki tatu, halafu matone yaanze kuanguka kwa mchanga? Wao wanachukua udongo uliochomwa, wanauweka kwa deg kama maua, na harufu inaingia kwa sandali.

Mwaka wa 1964, wanasayansi wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, walichapisha utafiti kuhusu harufu hiyo na kuipa jina petrichor. Walitambua kwamba India walikuwa wakiiuza tayari. Yaani sayansi ilifika na kupata biashara ishafunguliwa.

MIZIZI NA MBAO

Khus. Ni mizizi ya nyasi ya vetiva, ile ile ambayo hupandwa sehemu nyingi za dunia kuzuia mmomonyoko wa udongo. Inanuka ardhi, kijani na ubaridi. Wahindi pia hufuma mikeka yake, wanaining'iniza mlangoni na kuimwagia maji ili upepo uingie nyumbani ukiwa baridi na unanukia. Mafuta yake safi, ruh khus, huwa na rangi ya kijani kwa sababu ya shaba ya chungu.

Jatamansi. Mizizi ya mmea wa Himalaya, juu kabisa kwenye baridi. Kama umesoma Biblia unaijua kwa jina nardo, ile marhamu ya bei ghali. Imechimbwa mpaka ikawa adimu, na sasa biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa na mkataba wa CITES.

Udi. Watu wengi hudhani udi ni mti unaonukia. Zii. Mti wa Aquilaria ukiwa mzima haunukii kitu. Wadudu wakiutoboa na kuvu ikiingia, mti unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi, na hiyo mbao iliyougua ndiyo udi. India unatoka sana Assam. Kwa sababu watu walikata miti ovyo wakitafuta ile michache yenye utomvu, Aquilaria malaccensis iliwekwa chini ya CITES mwaka wa 1995. Kwa hivyo udi halisi ni doh mob, kila mahali duniani.

Sandali. Huyu ndiye mdosi wa wote. Santalum album ni mti mjanja, mizizi yake inanyonya chakula kwa mizizi ya majirani. Harufu iko kwa moyo wa mti, na unangoja miaka mingi kabla moyo huo ukomae. Karne ya 18, Tipu Sultan wa Mysore aliufanya mti wa kifalme. Mwaka wa 1916 kiwanda cha serikali cha mafuta ya sandali kilianzishwa Mysore. Na bado wezi hawakukosa. Veerappan, mlanguzi wa sandali na pembe za ndovu, alisumbua polisi wa kusini mwa India kwa miaka mingi mpaka alipouawa Oktoba 2004.

VIUNGO VYA JIKONI

Kuna uturi unaoitwa shamama, na huo ni pilau ya marashi. Karafuu, iliki, zafarani, jatamansi, mpaka kuvumwani inayoitwa charila, vyote vinaingia. Kila familia ya Kannauj ina mchanganyiko wake na haimwambii mtu.

Zafarani ya India inatoka Pampore, Kashmir, na kilo 1 inahitaji maua kama 150,000. Karafuu nayo ina historia na sisi. India ilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Zanzibar, kiasi kwamba mwaka wa 1937 chama cha Congress kiligomea karafuu hizo kutetea wafanyabiashara Wahindi waliokuwa Zanzibar.

Tip ya bure: Wahindi huvaa uturi kwa msimu. Joto likizidi ni khus, waridi, kewra na mitti. Baridi ikiingia ni shamama, zafarani na udi. Kwa hivyo ile udi yako nzito ingoje Julai ya Nairobi. Usitutese nayo kwa mathree saa nane mchana Januari.

VYA WANYAMA

Miski asili inatoka kwa tezi ya paa dume wa Himalaya, na kawaida paa huyo anauawa ndio ipatikane. Ambari inatoka tumboni mwa nyangumi. Msafiri al-Masudi aliitaja ambari ya pwani yetu huko karne ya 10, kwa hivyo ni biashara ya zamani sana. Lakini leo India imepiga marufuku zote mbili kwa sheria yake ya wanyamapori ya 1972. Ukiuziwa miski hapa mtaani, hiyo ni ya maabara, na kusema ukweli ni afadhali. Paa amebaki hai na wewe unanukia.

SASA ILE STORI YA KWENDA NDANI

Sandali ya India ilipoadimika na bei ikapanda, wanunuzi walianza kutafuta mbadala. Wakaupata kwetu. Osyris lanceolata, sandali ya Afrika Mashariki, inamea sehemu kavu kama Samburu, Baringo na Kajiado. Shida ni kwamba mafuta yako hadi kwa mizizi, kwa hivyo mti haukatwi tu, unang'olewa wote. Ukishang'olewa, hakuna kuchipuka tena.

Mwaka wa 2007 Rais alipiga marufuku uvunaji wake Kenya, na 2013 mti huo wa Afrika Mashariki ukaingia CITES. Bado malori hunaswa usiku yakiwa yamejaa. Na anayenaswa nani? Ni dereva, turnboi na vijana waliolipwa kidogo kuchimba. Mwenye mzigo hayuko kwa lori. Kwa hivyo msee akikupigia ati kuna kazi ya kubeba "kuni" kutoka Samburu usiku, na pesa ni nzuri kuliko kuni zimewahi kulipa, kataa. Hiyo si hustle, hiyo ni kesi.

UNUNUE AJE BILA KUCHEZWA?

Moja, uliza msingi. Mafuta ya sandali ni ghali, kwa hivyo watengenezaji wengi siku hizi hutumia parafini ama mafuta mengine ya viwandani. Muuzaji wa ukweli atakuambia msingi ni gani. Anayekasirika ukiuliza, jua kuna kitu.

Mbili, linganisha bei na jina. Waridi, udi na zafarani haziwezi kuwa bei moja na kila kitu kwa meza. Kama chupa zote ni soo mbili, zote ni za maabara.

Tatu, usinunue hapo hapo. Paka, tembea, kunywa chai, rudi baada ya saa mbili. Uturi mzuri hubadilika polepole kwa ngozi. Ule wa kuharakishwa unapiga kelele mwanzo halafu unapotea.

Nne, jaribu ngozi. Asili haimaanishi salama. Paka kidogo ndani ya kiwiko, ngoja siku moja. Kukiwasha ama kukiwa na upele, osha na uachane nayo.

Na elewa hivi: ya maabara si dhambi. Kuna mafuta ya soo mbili yananukia poa na huna haja ya kuona aibu kuyavaa. Kosa ni mtu kukuuzia maabara kwa bei ya Kannauj. Lipa soo mbili kwa kitu cha soo mbili. Na siku ukiwa na pesa ya uturi wenyewe, anza na mitti. Utavaa mvua, na utakuwa unajua fundi alifanya nini ndio iingie kwa chupa.