Nani Anambeba Mtoto? Historia ya Malezi ya Watoto Wadogo katika Familia za Mahoko, Wilaya ya Rubavu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya malezi ya watoto wadogo katika mji mdogo wa soko wa Mahoko, wilaya ya Rubavu, magharibi mwa Rwanda. Swali linaloongoza uchunguzi ni jepesi kulitamka: mama anapokuwa kazini, nani anambeba mtoto? Makala yanafuatilia majibu ya swali hilo tangu enzi ya ingobyi ya ngozi, kupitia kazi za kikoloni, malezi ya taasisi katika Nyundo na vita vya miaka ya 1990, hadi vituo vya malezi ya awali vya leo. Hoja yetu ni kwamba familia ya Mahoko imelea kwa mikono mingi kila ilipopata nafasi, ilhali sera nyingi zilizoielekea zimedhani kuwa mlezi ni mmoja na kwamba muda wake hauna mwisho. Pengo kati ya hali hizo mbili ndilo linalomgharimu mtoto.

1. Utangulizi

Mahoko iko katika umurenge wa Kanama, kando ya barabara kuu inayounganisha Musanze na Gisenyi, kilomita chache kabla ya barabara hiyo kuteremka kuelekea Ziwa Kivu na mpaka wa Goma. Viazi mviringo, kabeji, karoti na maharage kutoka milima ya jirani hukusanywa hapa, kisha husafirishwa ama kwenda Kigali ama kwenda Kongo. Karibu na mji hupita mto Sebeya, unaotoka katika nyanda za juu za Gishwati na kumwaga maji yake ziwani.

Wanahistoria wa eneo hili wameandika sana juu ya utawala, misheni, ardhi na vita. Mtoto wa umri wa miaka miwili huonekana katika maandishi hayo kwa nadra, na akionekana huwa ni yatima, mkimbizi au takwimu ya lishe. Maisha yake ya siku ya kawaida, yaani nani alimwamsha, nani alimlisha saa nne asubuhi na nani alimfukuza asiusogelee mto, hayakuachiwa kumbukumbu rasmi. Ushahidi wake tunautafuta katika desturi, katika msamiati na katika sera zenyewe, ambazo kwa kutaja tatizo hufichua hali iliyokuwapo.

2. Ingobyi na mikono mingi

Katika Kinyarwanda, kumbeba mtoto mgongoni huitwa guheka, na kibebeo cha ngozi kilichotumika zamani huitwa ingobyi. Msomaji wa pwani atakumbuka mbeleko. Lakini neno ingobyi lina maana nyingine iliyo muhimu kwa mjadala huu: ni pia machela ambayo wanaume wa kijiji walimbebea mgonjwa au mjamzito hadi kwenye tiba. Vikundi vya majirani vilivyoundwa kwa kazi hiyo vilijulikana kwa jina hilohilo. Basi neno moja lilibeba wajibu wa aina mbili, wa mama kwa mwanawe na wa mlima mzima kwa mtu asiyeweza kutembea.

Desturi ya kumpa mtoto jina, kwita izina, inaonyesha jambo lilelile. Katika utaratibu wake wa jadi, siku ya nane baada ya kuzaliwa watoto wa jirani waliitwa, wakaigiza kulima kwa vijiti, wakala pamoja chakula kilichoandaliwa kwa ajili yao, na kila mmoja akapendekeza jina. Mtoto mchanga alitambulishwa kwa wale ambao, kwa miaka michache ijayo, wangemtunza mchana: dada, kaka na watoto wa boma la jirani. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba mkono mmoja haulei mwana ingeeleweka hapa bila mkalimani.

Hatupaswi, hata hivyo, kuipamba enzi hiyo. Mikono mingi haikuzuia njaa wala maradhi, na mara nyingi ilikuwa mikono ya wasichana wadogo ambao utoto wao wenyewe ulikatizwa. Tunachosema ni kwamba malezi yalikuwa kazi iliyogawanywa, na mgawanyo huo ulijulikana.

3. Akazi, isoko, umuyaya

Misheni ya Nyundo ilianzishwa na Mapadri Weupe mwaka 1901, na Gisenyi ikakua kuwa kituo cha utawala wa Kijerumani na baadaye wa Kibelgiji. Pamoja na askari, wachuuzi na makarani, Kiswahili kiliingia. Athari yake katika msamiati wa familia inafaa kuzingatiwa katika kongamano kama hili. Maneno ya kumshika mtoto, yaani guheka, konsa (kunyonyesha), gucutsa (kumwachisha ziwa) na ibihozo (nyimbo za kumbembeleza), yalibaki ya Kinyarwanda. Maneno ya yale yaliyomtenganisha mtoto na mama mchana yanafanana sana na ya Kiswahili: isoko, ishuri, akazi, na umuyaya, yaani yaya wa kuajiriwa.

Kati ya hayo, akazi lilikuwa na uzito wa pekee. Wakati wa ukoloni wa Kibelgiji lilikuwa jina la kazi ya lazima: barabara, matuta, mazao ya amri. Aidha, kuanzia mwaka 1937 utawala uliendesha mpango wa kuhamishia familia za Kinyarwanda katika milima ya Masisi, upande wa Kongo. Njaa kuu ya Ruzagayura ya mwaka 1943 na 1944 nayo iliwasukuma wengi kuvuka mpaka. Kila hatua ya namna hiyo iliondoa mikono katika boma. Mume alipokwenda kazini au shangazi alipohamia Masisi, saa zilizobaki za kumtazama mtoto ziliongezwa kwa mama, bibi na binti mkubwa. Shule nayo, kwa manufaa yake yote, ilimwondoa binti huyo wakati wa mchana. Hakuna hatua iliyokusudiwa kuwa sera ya malezi, lakini kila moja ilikuwa hivyo kwa matokeo yake.

4. Nyundo: taasisi kama mlezi

Mwaka 1954 kilianzishwa Nyundo kituo cha watoto yatima kilichokuja kujulikana kwa jina la Noël de Nyundo. Kituo hiki kilikua hadi kuwa kikubwa kuliko vyote nchini, kikiwa na zaidi ya watoto 500 katika miaka yake ya mwisho. Kwa familia za Kanama na Nyundo kilikuwa jirani wa kawaida, na mlango wa kugonga mama alipofariki wakati wa kujifungua na kukosekana maziwa.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 na yaliyofuata yalivunja mgawanyo wa malezi kwa namna isiyo na mfano. Julai mwaka huo umati wa mamia ya maelfu ya watu ulipita katika mkoa huu kuvuka kwenda Goma, ambako kipindupindu kiliua kwa wingi, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao njiani. Wakimbizi walirejea kwa wingi Novemba 1996. Kisha mwaka 1997 na 1998 vita vya waasi waliojulikana kama abacengezi vilirudisha mauaji na uhamisho katika Gisenyi na Ruhengeri. Desemba 1996 serikali ilikuwa imeamua kwamba makazi ya vijijini yajengwe kwa mpango wa imidugudu, na baada ya vita hivyo mpango huo ulitekelezwa kwa kasi kaskazini magharibi. Familia iliyokuwa na boma lake katikati ya shamba sasa iliishi kwenye safu ya nyumba, pengine karibu na majirani isiowajua, na shamba likiwa mbali. Umbali huo wa kwenda shambani ni wakati unaotolewa kwa mtoto.

Uamuzi wa kurudisha watoto wa vituo katika familia ulikuja baadaye. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2012 ulihesabu watoto na vijana 3,323 katika taasisi 33. Mwaka huohuo serikali iliidhinisha mkakati wa mageuzi ya malezi, na utekelezaji wake ukapewa jina Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Watoto wa Nyundo walianza kupelekwa kwa ndugu zao au kwa walezi wa kambo wanaoitwa Malayika Murinzi. Kimsingi mageuzi haya yalikuwa sahihi. Hata hivyo, wengi wa watoto waliokuwa vituoni walikuwa na ndugu walio hai. Kilichowapeleka huko hakikuwa ukosefu wa familia, bali ukosefu wa uwezo na wa muda ndani ya familia. Kumrudisha mtoto bila kurudisha muda huo ni kulirudisha tatizo mahali lilikoanzia.

5. Urugo wa sera na mama wa sokoni

Tangu mwanzo wa karne hii, mtoto mdogo amekuwa kiini cha sera ya Rwanda kuliko wakati wowote. Mwaka 2017 ulianzishwa mpango wa kitaifa wa malezi na makuzi ya awali, na mwaka 2020 majukumu yake yakaingizwa katika wakala wa kitaifa wa makuzi ya mtoto. Vituo vingi vidogo huendeshwa ndani ya nyumba za watu, na jina lake rasmi ni urugo mbonezamikurire. Urugo ni boma, ni kaya. Kwa hiyo dola, baada ya karne moja ya kuondoa mikono katika boma, imelitwaa jina la boma ili kuirudisha.

Matokeo yapo. Udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano ulishuka kitaifa kutoka asilimia 38 katika utafiti wa 2014/15 hadi asilimia 33 katika ule wa 2019/20. Lakini katika utafiti huo wa pili, Jimbo la Magharibi na la Kaskazini yalibaki na kiwango cha takriban asilimia 40, na haya ndiyo majimbo yanayoilisha nchi viazi na mboga. Wingi wa chakula sokoni Mahoko haumaanishi wingi wa chakula katika sahani ya mtoto wa muuzaji. Mtoto wa mwaka mmoja hula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, na kila mara anahitaji mtu mwenye mikono safi na subira. Pale mama anapoondoka alfajiri na kurudi jioni, uji hupikwa mara moja na huliwa ukiwa umepoa.

Sheria za uzazi zinaonyesha pengo hilohilo. Sheria ya mwaka 2016 ilianzisha mfuko wa mafao ya uzazi ili mwajiriwa alipwe katika likizo yake yote, wakati huo wiki 12, kwa mchango wa asilimia 0.3 ya mshahara kutoka kwa mwajiri na kiasi kama hicho kutoka kwa mfanyakazi. Ni hatua ya kuheshimiwa. Lakini mama anayeuza karoti kwenye turubai hana mshahara wa kukatwa wala likizo ya kulipwa. Kwake, wiki ya kwanza bila kwenda sokoni ni wiki ya kula mtaji. Mpakani Gisenyi hali hii ilionekana waziwazi zaidi. Wanawake wachuuzi waliovuka kwenda Goma waliwaacha wachanga karibu na mpaka mikononi mwa watoto wakubwa kidogo, mpaka vituo vya malezi vilipoanza kufunguliwa jirani na kivuko. Vituo hivyo vilifanikiwa kwa kufuata saa na njia za mama. Mahoko kuna siku za soko na kuna majira ya mavuno ya viazi, na kituo kinachofungwa adhuhuri kinamhudumia mama asiyekuwapo.

6. Sebeya

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua kubwa iliporomosha milima na kufurisha mito katika Magharibi na Kaskazini mwa Rwanda. Watu zaidi ya 130 walifariki nchini, na bonde la Sebeya lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumia sana. Mto huo umewahi kufurika mara nyingi. Historia yake haitenganishwi na Gishwati, msitu uliokatwa kwa ajili ya malisho na miti ya kupandwa katika miaka ya 1980, kisha kwa makazi ya waliorejea baada ya 1994, mpaka likabaki pande dogo lililotangazwa kuwa sehemu ya hifadhi ya taifa mwaka 2015.

Tunaitaja gharika hiyo kwa sababu ilitokea usiku. Usiku mtoto mdogo hawezi kukimbia, na swali la makala haya huwa halina maana nyingine ila ile ya moja kwa moja: nani anambeba? Mtu mzima mmoja mwenye watoto watatu wadogo ana mikono miwili. Mipango ya tahadhari ikihesabu kaya bila kuhesabu uwiano wa watu wazima na watoto ndani ya kila kaya, itakuwa imeacha nje idadi inayoamua nani atatoka.

7. Hitimisho

Historia ya Mahoko haituambii kwamba familia ya zamani ilikuwa bora. Inatuambia kwamba malezi yana gharama ya saa na mikono, na kwamba kila badiliko la kazi, makazi au mpaka huihamisha gharama hiyo kwa mtu fulani, mara nyingi bila kumwuliza. Kutokana na hayo tunapendekeza mambo matatu. Saa za vituo vya malezi zipangwe kwa kalenda ya soko na ya shamba. Mafao ya uzazi yatafutiwe njia ya kuwafikia wachuuzi na wakulima wadogo. Na kila mtoto anaporudishwa katika familia, au kaya inapohamishwa kutoka bondeni, iandikwe ni nani atakayekuwa naye mchana, na atakuwa na wangapi wengine. Neno ingobyi liliwahi kumaanisha kwamba jibu la swali hilo ni la kijiji kizima. Sera inayotaka kumlea mtoto wa Mahoko ianzie hapo.